Usitishaji Vita Uliokosa Walezi

Tarehe 9 Aprili 1609, katika jumba la baraza la mji wa Antwerp, wajumbe wa mfalme wa Hispania na wajumbe wa majimbo ya Uholanzi yaliyomwasi walitia saini mapatano ya kusitisha vita kwa miaka kumi na miwili. Vita hivyo vilikuwa vimeanza mwaka 1568, kwa hiyo mtu wa miaka arobaini aliyezaliwa mjini humo hakuwa na kumbukumbu ya amani hata ya utotoni. Kwa ajili ya ukumbi uliotumika kwa mazungumzo hayo, wakuu wa mji waliagiza picha kubwa kutoka kwa Peter Paul Rubens, mchoraji kijana aliyekuwa amerejea kutoka Italia miezi michache tu kabla. Alichora Mamajusi wakimpelekea mtoto Yesu zawadi zao, lakini anayeitazama picha hiyo jicho lake huvutwa kwanza na wapagazi: wanaume walio vifua wazi, misuli imetuna, wameinama chini ya uzito wa mizigo, na nyuma yao msafara wenye ngamia unaendelea kuingia. Antwerp ilikuwa bandari ambayo mto wake, Scheldt, ulikuwa mikononi mwa Waholanzi waasi tangu mji ulipoangukia jeshi la Hispania mwaka 1585. Meli za baharini hazikuruhusiwa kupita, na shehena zilipaswa kushushwa Zeeland, jimbo la Waholanzi mdomoni mwa mto, na kulipiwa ushuru huko. Kwa watu wa mji huo picha ile ilikuwa dua: mizigo na irudi.

Haikurudi. Nimekuwa nikiyasoma mapatano yale kwa muda mrefu, na kila ninapoyarejea swali langu huwa ni lile lile: ilikuwaje makubaliano yaliyopatikana kwa akili nyingi kiasi kile, na yaliyowanufaisha watu wengi kiasi kile, yakafika siku yake ya mwisho bila mtu mwenye nguvu wa kuyatetea?

Vyombo vyetu vya habari hutumia maneno "kusitisha mapigano" na "suluhu" kana kwamba ni pacha, ilhali uzito wake unatofautiana. Waliositisha mapigano wameshusha silaha huku wakiendelea kuviziana. Waliosuluhishwa wamekwisha kukubaliana nani ana haki ya nini. Kilichotiwa saini Antwerp kilikuwa cha kwanza, na waliotia saini walilijua hilo. Wapo wanaolaumu maneno ya mkataba wenyewe kwamba yalikuwa na utata mno, na kwamba utata huo ndio uliorudisha vita mwaka 1621. Mimi naona lawama hiyo haipigi penyewe. Bila utata ule hapangekuwa na mkataba wowote. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mapatano ya 1609 yalizaliwa vizuri kabisa. Yalikosa walezi.

Kilichozileta pande hizo mbili mezani ni ukata. Ostend inatosha kuwa mfano. Mji huo mdogo wa pwani ulizingirwa kuanzia Julai 1601 hadi Septemba 1604, na watu walikufa humo na kando yake kwa makumi ya maelfu. Kazi ilikamilishwa na Ambrogio Spinola, tajiri wa Genoa ambaye hakuwa na uzoefu mkubwa wa vita, lakini aliyekuwa na kitu ambacho majemadari wenzake hawakuwa nacho: aliweza kuwalipa askari kwa mkopo uliodhaminiwa na mali ya ukoo wake. Alipoingia Ostend alikuta kifusi. Mwezi mmoja kabla yake, Maurits wa Nassau, amiri jeshi wa Waholanzi, alikuwa ameuteka mji wa Sluis, bandari nyingine ya pwani ile ile, kwa hiyo hesabu ya miaka mitatu ya kuzingira ikawa karibu na sifuri. Askari wa Hispania waliokosa mishahara walikuwa wakiasi kikosi baada ya kikosi, na Novemba 1607 mfalme wao, Felipe wa Tatu, alishindwa kabisa kuwalipa waliomkopesha. Upande wa pili nao ulikuwa na mzigo wake. Washirika wake walikuwa wamefanya amani na Hispania, Ufaransa mwaka 1598 na Uingereza mwaka 1604, deni la jimbo la Holland lilikuwa likipanda, na raia walikamuliwa kodi kwenye vitu vya kila siku kama bia na chumvi.

Makubaliano ya kusimamisha mapigano ya nchi kavu yalifikiwa mwezi Aprili 1607. Bahari haikuhusishwa mwanzoni, na tarehe 25 ya mwezi huo huo manowari za Kiholanzi chini ya Jacob van Heemskerck ziliingia ghuba ya Gibraltar na kuuangamiza msafara wa kivita wa Hispania ukiwa umetia nanga nyumbani kwake. Heemskerck mwenyewe aliuawa mwanzoni mwa pambano. Tukio hilo liliwafundisha wakuu wa Madrid kwamba nchi kavu wangeweza kungoja, lakini baharini kila mwaka uliopita ulikuwa hasara kwao.

Februari 1608 Spinola aliwasili The Hague, makao ya serikali ya Waholanzi, akiwa mjumbe mkuu wa mazungumzo, na Maurits alitoka nje ya mji kumlaki, jemadari kwa jemadari, watu wakiwa wamejipanga kuwatazama. Nia ya awali ilikuwa amani kamili. Hispania ilikuwa tayari kutamka uhuru wa majimbo yale ikiwa yangeacha biashara ya ng'ambo na kuwaruhusu Wakatoliki wao kuabudu hadharani. Na Antwerp, kwa upande wake, ilitaka mto wake ufunguliwe. Waholanzi hawakukubali hata moja. Mnamo Agosti mazungumzo yalivunjika, na hapo ndipo mpatanishi wa Ufaransa, Pierre Jeannin, akishirikiana na Waingereza, alipoleta wazo la hatua ndogo zaidi: kama hamuwezi kupatana, basi pumzikeni.

Kifungu cha kwanza ndicho kilichogharimu jasho. Kilisema kwamba Albert na Isabella, watawala wa majimbo ya kusini yaliyobaki upande wa Hispania, waliokaa Brussels, kwa jina lao na kwa jina la mfalme, walikubali kuafikiana na majimbo ya kaskazini kwa kuyahesabu kama nchi huru ambazo wao hawana dai lolote juu yake. Lugha yetu inatupa nafasi nzuri ya kuuona ujanja uliomo, kwa sababu neno "kama" la Kiswahili linabeba maana zote mbili zilizogombewa. Mtu anayeapishwa kama hakimu ni hakimu kweli. Mgeni anayepokewa kama ndugu si lazima awe ndugu. Waholanzi waliusoma mkataba kwa maana ya kwanza, Madrid ikausoma kwa maana ya pili na kusema kwamba uhuru huo ungedumu kadiri mapatano yangedumu, wala si siku moja zaidi.

Kwa muda, maana ya Waholanzi ndiyo iliyoshinda, kwa sababu walimwengu waliwatendea kwa maana hiyo. Wajumbe wao walipokewa Paris na London kwa hadhi ya mabalozi wa nchi huru. Morocco iliwekeana nao mkataba mwaka 1610, na mwaka 1612 balozi wao Cornelis Haga alifika Istanbul na kupewa na Sultani haki za kufanya biashara katika dola yote ya Uthmaniya. Maneno ya mkataba hupata maana yake kutokana na matendo yanayofuata, na ndiyo maana sikubali kwamba "kama" ile ilikuwa sumu. Ilikuwa mlango ulioachwa nusu wazi, na mlango wa namna hiyo mtu anaweza kuusukuma.

Siwezi kuipita tarehe yenyewe bila kusema neno. Siku ile ile, 9 Aprili 1609, Felipe wa Tatu aliidhinisha kufukuzwa kwa Wamorisko, yaani wazao wa Waislamu wa Hispania waliokuwa wamelazimishwa kubatizwa. Takriban watu 300,000 walitolewa katika nchi yao ya kuzaliwa kati ya mwaka huo na 1614. Mfalme aliyeona aibu ya kupatana na waasi wazushi alihitaji kuonyesha mahali pengine kwamba imani yake bado ni imara, na amani ya kaskazini ilimwachia meli na askari wa kuifanya kazi hiyo. Anayehesabu faida za usitishaji ule na aiandike hasara hii katika ukurasa huo huo.

Kuna pahali pengine ambapo mkataba ulinyamaza, na kimya hicho nakihukumu kwa ukali kuliko utata wa kifungu cha kwanza. Kifungu cha nne kilihusu biashara. Kiliwaruhusu Waholanzi kufanya biashara katika nchi za mfalme zilizoko Ulaya, na kwingineko wafanye na mtawala yeyote atakayewaruhusu, mradi wasiingie katika milki za mfalme bila idhini. Jina la India, ya Mashariki wala ya Magharibi, halikutajwa, kwa sababu Felipe asingeweza kuvumilia kuliona juu ya karatasi. Isitoshe, nje ya Ulaya mapatano yalitakiwa kuanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye.

Msomaji wa mwambao wetu ana sababu ya kukisoma kifungu hicho kwa makini. Tangu mwaka 1580 mfalme wa Hispania alikuwa pia mfalme wa Ureno, kwa hiyo adui wa Waholanzi ndiye aliyeijenga Fort Jesus kule Mombasa na ndiye aliyeishika ngome ya kisiwa cha Msumbiji. Mwaka 1607 Paulus van Caerden, nahodha mkuu wa meli za Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, VOC, alikizingira kisiwa hicho, akashindwa kuichukua ngome, na alipoondoka akauacha mji umeungua. Mwaka uliofuata, wakati Spinola na wenyeji wake wakijadiliana The Hague, Pieter Verhoeff alifika na kundi jingine la meli akaizingira tena, akashindwa tena. Ugomvi ulioanzia kwenye makanisa na hazina za Flanders ulikuwa umefika kuchoma nyumba katika maji ya Afrika ya Mashariki, na waliochomewa hawakuwa na kiti mezani.

Verhoeff aliendelea hadi visiwa vya viungo. Wakurugenzi wa VOC walipojua kwamba mapatano yanakaribia, walimtumia maelekezo kwamba awahi kuwafunga kwa mikataba watawala wa Banda na Maluku, kwa hiari au kwa nguvu, kabla tarehe ya kusitisha vita haijafika huko. Maluku ndiko karafuu ilikotokea, hii hii ambayo karne mbili baadaye ingekuja kuwa uti wa mgongo wa Unguja na Pemba. Banda ndiko kulikokuwa kungumanga na basibasi zote zilizoliwa Ulaya. Mei 1609, mwezi mmoja baada ya saini za Antwerp, Verhoeff aliuawa na Wabanda alipokuwa akijaribu kuwalazimisha wakubali ngome katika kisiwa chao. Katika msafara wake alikuwamo karani wa biashara kijana aitwaye Jan Pieterszoon Coen. Miaka kumi na miwili baadaye, majira ya mapatano kumalizika, Coen alirudi Banda akiwa gavana mkuu. Kabla yake visiwa hivyo vilikuwa na watu wapatao 15,000. Alipomaliza kazi yake, waliouawa kwa silaha na njaa, waliouzwa utumwani na waliokimbia walikuwa karibu wote. Kule amani ya Ulaya ilifanya kazi ya saa ya kupimia mwendo: iliwaambia wenye meli muda gani umebaki wa kunyang'anya.

Huko nyumbani picha ilikuwa nyingine kabisa. Vikwazo vya bandari za Hispania na Ureno vilipoondolewa, gharama za kusafirisha shehena zilishuka, na meli za Kiholanzi zikajaa tena Setúbal kuchukua chumvi, bila ambayo samaki wa Bahari ya Kaskazini wasingeweza kutiwa kwenye mapipa na kuuzwa hadi Baltiki. Amsterdam ilifungua benki yake ya kubadilisha fedha mwaka 1609, soko lake la hisa na bidhaa likapata jengo mwaka 1611, ziwa la Beemster likakaushwa na kuwa mashamba mwaka 1612, na mwaka 1613 ilianza kuchimbwa ile mifereji iliyouzunguka mji kama pete. Upande wa kusini wakulima walirejea mashambani na nguo za Flanders zikapata wanunuzi. Antwerp, ingawa bahari yake ilibaki imefungwa, ilijaa makanisa mapya na warsha za wasanii. Familia zilizotenganishwa na mpaka ziliweza kutembeleana. Hizi ndizo faida ambazo hakuna aliyeziandikia hotuba.

Na hapo ndipo ulipo udhaifu wenyewe. Walioumia kwa amani walikuwa na anwani. VOC ilikuwa na wakurugenzi, vikao na hisa. Wakaperi wa Zeeland, waliozoea kuteka meli za adui kwa kibali cha serikali, walikuwa na wawakilishi wao. Willem Usselincx, mfanyabiashara mzaliwa wa Antwerp aliyekimbilia kaskazini, alikuwa akipigania kuundwa kwa kampuni ya pili kwa ajili ya Amerika na Afrika ya Magharibi, na mapatano yalimlazimu asubiri miaka kumi na miwili. Wahubiri waliokwisha kuwaambia waumini kwamba kupatana na Hispania ni kupatana na shetani walikuwa na mimbari kila Jumapili. Maurits na maofisa wake walikuwa na jeshi ambalo sasa lilipunguzwa. Madrid nako baraza la Ureno na lile lililosimamia milki za Amerika yalikuwa yakipeleka malalamiko kwa mfalme, nayo yalikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu VOC ilikuwa ikiendelea kuzila milki zao huku karatasi ikisema vita vimesimama. Lakini mvuvi aliyepata chumvi kwa bei nafuu, mkulima wa Brabant aliyevuna mara mbili bila kuchomewa ghala, mama aliyemwona dada yake baada ya miaka ishirini, hao hawakuwa na chama, wala kikao, wala mwakilishi. Walinufaika kila mtu kivyake, na kila mtu kivyake akanyamaza.

Kwa hiyo mapatano yaliegemea watu wachache. Walipokuwapo, yalishika hata mahali pagumu. Mwaka 1614, katika ugomvi wa urithi wa nchi za Jülich na Kleve mpakani mwa Ujerumani, Spinola aliingia na jeshi akautwaa mji wa Wesel, na Maurits akaingia na lake akaitwaa Emmerich na Rees. Majeshi mawili yaliyokuwa na deni la damu la nusu karne yalipita katika eneo moja, kila moja likitwaa miji ambayo lingine halijaifikia, na hayakupigana. Novemba mwaka huo nchi zile ziligawanywa kwa mkataba wa Xanten. Maneno ya 1609 yalikuwa na utata ule ule mwaka 1614, lakini Brussels alikuwapo Albert asiyetaka vita, The Hague alikuwapo Johan van Oldenbarnevelt, wakili mkuu wa jimbo la Holland na mzazi halisi wa mapatano, na Madrid Lerma, waziri mpendwa wa mfalme, alikuwa bado ameshika usukani. Kila mmoja alimvuta mkono mpiganaji wa upande wake.

Mlezi wa kwanza alikuwa amekwisha kuondoka mapema. Henri wa Nne wa Ufaransa, ambaye serikali yake iliyadhamini mapatano pamoja na Uingereza, alichomwa kisu barabarani Paris tarehe 14 Mei 1610. Lerma alianguka Oktoba 1618. Kifo kilichoyamaliza mapatano, hata hivyo, ni cha Oldenbarnevelt, na hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu marehemu mwenyewe alikuwa na sehemu ya kosa.

Ugomvi ulianzia chuo kikuu cha Leiden, ambako wanatheolojia wawili, Arminius na Gomarus, walibishana iwapo Mungu amekwisha kuwachagua watakaookoka pasipo kuangalia kama wao wenyewe wataipokea neema yake. Arminius alifariki mwaka 1609, lakini wafuasi wake walipeleka hoja yao kwa serikali ya Holland mwaka uliofuata, na ubishi ukatoka darasani ukaingia makanisani, sokoni na majumbani. Oldenbarnevelt alisimama upande wa uvumilivu, na nampongeza kwa hilo. Namlaumu kwa namna alivyofanya. Agosti 1617 aliipitishia Holland azimio lililoiruhusu miji kuajiri askari wake yenyewe, wasio chini ya Maurits, ili kulinda utulivu. Kwa mtu aliyejenga jina lake kwa kuzuia vita, kulikuwa kuweka kuni kavu karibu na moto. Wapinzani wake walisambaza vijitabu vilivyodai kwamba alikuwa amehongwa dhahabu ya Hispania tangu siku za mapatano. Na Amsterdam, mji ambao mapatano yale yalikuwa yameunenepesha kuliko mwingine wowote, ulimgeuka ukasimama na Maurits.

Hilo la Amsterdam ndilo linalonisikitisha kuliko yote. Oldenbarnevelt aliyaendesha mazungumzo ya 1607 hadi 1609 kwa siri na kwa werevu, akiwaona wanaompinga kuwa watu wa kuzungukwa. Alipata saini alizozitaka. Hakupata watu wa kusema mapatano haya ni yetu. Wakuu wa Amsterdam walizipokea faida kama mvua, jambo linalokuja lenyewe, na walipoambiwa kwamba kampuni mpya ya Magharibi ingeleta faida kubwa zaidi, hawakuona walichokuwa wanapoteza. Alikamatwa Agosti 1618 na kushtakiwa mbele ya mahakama maalumu ya majaji ishirini na wanne. Tarehe 13 Mei 1619, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, alitembea kwa msaada wa fimbo hadi kwenye jukwaa lililojengwa uani mwa Binnenhof, makao ya serikali aliyoitumikia kwa zaidi ya miaka thelathini, na hapo akakatwa kichwa kwa upanga. Hugo Grotius, mwanasheria aliyekuwa upande wake, alifungwa maisha katika ngome ya Loevestein. Alitoroka tarehe 22 Machi 1621 akiwa amejikunja ndani ya sanduku la vitabu, kwa mpango wa mkewe Maria van Reigersberch.

Wakati sanduku hilo likitolewa nje, mapatano yalikuwa yamebakiza siku kumi na nane. Vita vya Bohemia vilikuwa vimekwisha kuwasha Ujerumani, na Spinola alikuwa ameivamia Palatinate, mojawapo ya nchi za Ujerumani, mwaka uliotangulia. Albert, akiwa mgonjwa, alitaka muda uongezwe, lakini Madrid ilikuwa na watu wapya waliorudi kwenye masharti yale yale ya 1608: Wakatoliki, mto Scheldt, biashara ya ng'ambo. Mwezi huo wa Machi, Petrus Peckius, mkuu wa sheria wa Brabant, alitumwa The Hague kuwashauri Waholanzi warudi chini ya watawala wao wa asili. Alipita kati ya umati uliomzomea, akasema aliyotumwa kuyasema, akakataliwa. Felipe wa Tatu alifariki tarehe 31 Machi. Mwanawe alitimiza miaka kumi na sita tarehe 8 Aprili, na kesho yake mapatano yakaisha. Bandari za Hispania na Ureno zilifungwa tena kwa meli za Kiholanzi, wavuvi wakaanza kuhangaikia chumvi, na tarehe 3 Juni Jamhuri ya Uholanzi ikaipa hati kampuni ya Magharibi aliyoipigania Usselincx, ambayo mwaka 1637 ingeiteka Elmina, ngome ya Wareno katika pwani ya Ghana ya leo, na kuingia kwa nguvu zote katika biashara ya watumwa. Albert alifariki Julai.

Vita vilichukua miaka mingine ishirini na saba. Hispania iliupata mji wa Breda mwaka 1625, ikaupoteza mwaka 1637. Tarehe 30 Januari 1648, kule Münster, mfalme alikubali hatimaye kwamba Jamhuri ni dola huru, na "kama" ikatolewa. Scheldt ulibaki umefungwa, Wakatoliki wa kaskazini hawakupewa haki ya kuabudu hadharani, na makampuni ya Kiholanzi yalibaki na vingi vya vile yaliyokuwa yamevichukua. Yaani masharti yote matatu yaliyokataliwa mwaka 1608 yaliachwa na yule yule aliyeyadai. Katika mkataba huo mpya waliweka jambo ambalo nalihesabu kuwa muhimu kuliko watu wengi wanavyoliona: baraza la majaji kutoka pande zote mbili, kwa idadi sawa, la kusikiliza mashauri yatakayozuka kati yao. Safari hii ulezi ulipewa ofisi, na ofisi haichomwi kisu barabarani.

Ile picha ya Mamajusi haikukaa Antwerp. Mwaka 1612 wakuu wa mji, wakitafuta fadhila, walimzawadia Rodrigo Calderón, mtu wa karibu wa Lerma aliyekuwa amekuja kwa ujumbe wa mfalme. Calderón naye aliuawa kwa hukumu mjini Madrid mwezi Oktoba 1621, na picha ikaingia katika mali za mfalme. Rubens aliikuta huko mwaka 1628 alipotumwa na Isabella katika shughuli za kutafuta amani, kazi aliyokuwa ameifanya kwa miaka kadhaa, pamoja na majaribio ya kuwarudisha Waholanzi mezani. Aliongeza turubai juu na upande wa kulia, na miongoni mwa wapanda farasi akajichora mwenyewe, mtu mzima sasa, upanga kiunoni, amegeuka kuwatazama wapagazi aliowachora akiwa na umri wa miaka thelathini na moja. Alifariki Antwerp tarehe 30 Mei 1640, na mto ulikuwa bado umefungwa.